Jinsi ya kufuatilia ardhi ya Marekani tangu hati ya kwanza ya serikali: mwongozo kamili

Karibu kila kipande cha ardhi nchini Marekani kina karatasi yake ya kwanza. Katika majimbo 30 karatasi hiyo ilitolewa na serikali ya shirikisho. Ilimtaja mtu kwa jina lake na kipande kwa vipimo vyake, na tangu siku hiyo ardhi ikaanza kupita mikononi mwa watu: ikauzwa, ikarithiwa, ikawekwa rehani, ikapigwa mnada kwa deni la kodi. Karatasi nyingi za safari hiyo bado zipo, ziko wazi kwa umma, na sehemu kubwa inasomeka bure kwenye intaneti. Aliye Dar es Salaam anaweza kuzisoma sawa na aliye Des Moines.

Wapo wanaozitafuta kwa sababu wamenunua nyumba Ohio, Kentucky au Iowa, majimbo ambayo sasa yana wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa ndugu zetu kutoka Kongo. Wapo wanaotafuta ukoo wa mume au mke. Wengi wao huishia njiani: wanaipata hati ya kwanza, wanaona jina, wanaona sahihi ya rais, wanaridhika. Hati ya kwanza ikisomwa peke yake inapotosha. Aliyetajwa ndani yake huenda hakuwahi kuikanyaga ardhi hiyo hata siku moja. Kinachosema kweli ni mfululizo mzima wa hati, mkono kwa mkono, na ndio tutakaoujenga hapa.

Mfano wetu utakuwa familia ya Abraham Lincoln. Sijaichagua kwa sababu ya umaarufu wake. Familia hii moja, katika vizazi viwili, ilipitia njia tatu kuu za kupata ardhi: hati za kijimbo Kentucky, ununuzi kutoka serikalini Indiana, na ardhi ya askari Iowa.

Hatua ya 1: Jua jimbo lako ni la aina gani

Usianze kutafuta jina lolote kabla ya kujibu swali hili. Majimbo 20 hayakuwahi kuwa ardhi ya serikali ya shirikisho. Ni makoloni 13 ya mwanzo, kisha Maine, Vermont, West Virginia, Kentucky na Tennessee yaliyomegwa kutoka ardhi zilizokuwa za makoloni hayo au zilizodaiwa nayo, pamoja na Texas na Hawaii. Texas ilikuwa nchi huru, na ilipojiunga na Marekani mwaka 1845 ilibaki na ardhi yake. Katika majimbo hayo 20 hati ya kwanza ilitolewa na mfalme, koloni, jimbo au nchi iliyotangulia, na rekodi zake ziko kwenye nyaraka za jimbo husika.

Majimbo 30 yaliyobaki ni ya ardhi ya shirikisho: Ohio, Indiana, Illinois, Iowa, Alabama, Mississippi, Minnesota, Kansas na mengineyo hadi California na Alaska. Huko hati ya kwanza ni ile Wamarekani wanayoiita patenti ya ardhi. Anayetoka Tanzania, ambako ardhi ni ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, aelewe tofauti hii mapema: patenti ilimpa mtu miliki kamili, bila ukomo wa muda, naye akaweza kuuza siku ileile.

Ohio inahitaji tahadhari ya pekee. Ni jimbo la shirikisho, lakini ndani yake kuna maeneo yaliyotengwa kwa utaratibu tofauti tofauti. Jiji la Columbus na viunga vyake peke yake liko juu ya maeneo matatu: magharibi mwa mto Scioto ni eneo la askari wa Virginia, ambako ardhi ilipimwa kwa mtindo wa zamani wa miti na mawe, na mashariki kuna eneo la askari wa shirikisho pamoja na eneo la wakimbizi wa Kanada waliounga mkono Mapinduzi ya Marekani. Ukiwa Columbus, uliza kwanza nyumba iko upande gani wa mto.

Hatua ya 2: Pata maelezo ya kisheria ya kipande, ujifunze kuyasoma

Anwani ya mtaa haitakusaidia hapa. Unachohitaji ni yale maelezo yaliyomo kwenye hati ya nyumba au kwenye tovuti ya kaunti, sehemu ya ukadiriaji wa kodi ya majengo. Kama ni nyumba ya mjini, utakuta namba ya kiwanja ndani ya eneo fulani lililopimwa. Itafute ramani ya eneo hilo katika ofisi ya msajili wa kaunti. Juu yake utaona ni seksheni ipi iliyokatwa viwanja, na hiyo seksheni ndiyo utakayoifuata.

Utaratibu wa seksheni ulianzishwa na sheria ya tarehe 20 Mei 1785. Ardhi iligawanywa katika miraba ya maili 6 kwa 6, inayoitwa taunishipu. Kila taunishipu ina seksheni 36, na kila seksheni ni maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Seksheni namba 16 ilitengwa kwa ajili ya shule. Upimaji ulianza Septemba 1785 mpakani mwa Pennsylvania, mahali ulipo sasa mji wa East Liverpool, Ohio, chini ya Thomas Hutchins.

Tangu sheria ya 1796, namba za seksheni zinaanza pembe ya kaskazini-mashariki. Namba 1 hadi 6 zinakwenda magharibi, kisha 7 iko chini ya 6 na safu inarudi mashariki hadi 12, halafu magharibi tena, hivyohivyo hadi 36 kwenye pembe ya kusini-mashariki. Chora mraba wa 6 kwa 6 uzijaze mwenyewe kwa kalamu, utazikumbuka daima.

Sasa soma mfano wetu: W½ SW¼ Sec. 32, T4S R5W, meridiani kuu ya pili. Maelezo ya namna hii husomwa kuanzia mwisho. Anza na meridiani, mstari mkuu wa upimaji. Huu wa pili unapita Indiana. Kutoka kwenye mstari huo hesabu safu ya 5 ya taunishipu kwenda magharibi (safu hiyo huitwa renji, ndiyo R5W), na kutoka mstari wa msingi, unaoikata meridiani toka mashariki hadi magharibi, hesabu taunishipu ya 4 kwenda kusini (ndiyo T4S). Ndani yake tafuta seksheni 32, safu ya chini kabisa, ya pili kutoka magharibi. Ikate mara nne uchukue robo ya kusini-magharibi, ekari 160. Ikate robo hiyo mara mbili uchukue nusu ya magharibi. Umebaki na ekari 80, na hizo ndizo Thomas Lincoln, baba yake Abraham, alizomiliki katika eneo ambalo leo ni Spencer County, Indiana.

Andika maelezo haya kwenye karatasi moja na usiyapoteze. Majina ya watu hukosewa, huandikwa namna tano tofauti, hufanana. Maelezo ya kipande hayabadiliki.

Hatua ya 3: Uliza serikali ilipata wapi ardhi hiyo

Wengi huiruka hatua hii, na ni kosa. Serikali haikuweza kuuza kabla ya kuwaondolea wenyeji wa asili wa Marekani haki yao, na mwaka 1823, katika kesi ya Johnson dhidi ya McIntosh, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu binafsi hawezi kupata miliki kwa kununua moja kwa moja kutoka kwa wenyeji. Haki hiyo ilibaki kwa serikali peke yake. Kwa hiyo nyuma ya patenti nyingi kuna mkataba, na nyuma ya mkataba kuna watu waliosaini kwa alama ya msalaba huku wamezidiwa nguvu.

Tumia ramani za maeneo yaliyokabidhiwa zilizochorwa na Charles Royce na kuchapishwa na serikali mwaka 1899. Kila eneo lina namba, na namba inakupeleka kwenye mkataba wake. Ardhi ya Lincoln iko ndani ya eneo la mikataba ya Vincennes ya Agosti 1804, ambayo William Henry Harrison, gavana wa eneo la Indiana wakati huo, aliwasainisha wenyeji Wadelaware na Wapiankashaw. Miaka 13 baadaye seremala wa Kentucky, Thomas Lincoln, akaja kuinunua kwa dola mbili ekari. Tengeneza jedwali la mfululizo wa hati zako, na uandike mkataba huo mstari wa kwanza, juu ya patenti.

Katika maeneo yaliyowahi kuwa chini ya Hispania, Ufaransa au Mexico kuna tabaka jingine. California ina hati za ranchi za Mexico ambazo, baada ya mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 ulioipa Marekani California, zilibidi zithibitishwe mbele ya tume iliyoundwa na sheria ya 1851. Zaidi ya madai 800 yalifikishwa huko, na familia nyingi ziliuza ardhi ili kulipa mawakili wa kuitetea ardhi hiyohiyo.

Hatua ya 4: Itafute patenti

Rekodi za shirikisho ziko kwenye tovuti ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi, glorecords.blm.gov. Idara hiyo iliundwa mwaka 1946 na kurithi kazi za Ofisi Kuu ya Ardhi iliyoanzishwa 1812. Kutafuta ni bure na huhitaji kujisajili.

Una njia mbili. Ya kwanza ni jina pamoja na jimbo na kaunti. Ya pili ni maelezo ya kipande: jaza jimbo, meridiani, taunishipu, renji na seksheni, uache nafasi ya jina wazi. Naipendekeza sana ya pili. Itakuletea watu wote waliopata patenti kwenye seksheni ile, na majirani hao utawahitaji baadaye: ndio waliooana, waliokopeshana, walioshuhudia hati za wenzao.

Ukiipata, nakili mambo haya: jina kamili, tarehe, ofisi ya ardhi iliyohusika, namba ya cheti, idadi ya ekari, na sheria iliyotumika. Usimpite haraka mtu aliyetajwa kama mpokeaji wa haki ya mwingine. Maana yake ardhi ilishauzwa mara moja au zaidi kabla patenti haijatoka, na wauzaji hao hutawakuta kwenye vitabu vya kaunti.

Kuhusu sahihi ya rais: kinachoonekana kwenye tovuti ni nakala iliyoandikwa na karani kitabuni. Karatasi halisi alipewa mwenye ardhi. Hadi Machi 1833 rais alisaini karatasi hizo kwa mkono wake. Baada ya hapo katibu aliruhusiwa kusaini kwa niaba yake. Kwa hiyo jina la rais kwenye patenti ya 1850 halina uzito wowote wa kihistoria, na mtu akitaka kukuuzia kwa sababu ya sahihi hiyo, mwache.

Hatua ya 5: Soma sheria iliyotumika

Mstari unaotaja sheria ndio unaokuambia mtu huyu aliipataje ardhi. Kwa miaka ya mwanzo, mambo yalikwenda hivi. Sheria ya 1800 iliruhusu kununua kwa mkopo wa miaka minne, dola 2 kwa ekari, kipande kisichopungua ekari 320, kwenye ofisi za karibu kama Marietta, Chillicothe, Steubenville na Cincinnati. Mwaka 1804 kima cha chini kikashuka hadi ekari 160. Watu wengi wakashindwa kulipa, na mwaka 1820 Bunge likafuta mkopo: fedha taslimu tu, dola 1.25 kwa ekari, kuanzia ekari 80. Mwaka 1832 ikawa ekari 40. Sheria ya 1841 ikawapa waliokwisha kukaa na kulima haki ya kununua kwanza, hadi ekari 160. Na tarehe 20 Mei 1862 ikaja sheria ya makazi, ekari hadi 160 kwa atakayekaa na kulima miaka mitano, kwa ada ndogo tu.

Thomas Lincoln anaonyesha jinsi mkopo ulivyobana. Oktoba 1817 alikwenda ofisi ya Vincennes kuomba robo nzima, ekari 160, bei yake dola 320. Akaweka dola 16. Desemba akaongeza 64, jumla 80, yaani robo ya bei. Miaka kumi ikapita. Mwaka 1827 akairudisha serikalini nusu ya mashariki ili amalize deni la nusu ya magharibi, na Juni mwaka huohuo patenti ya ekari 80 ikatoka. Anayesoma patenti peke yake atadhani mzee huyu alifika Indiana mwaka 1827 akanunua shamba dogo. Alikuwa amekaa hapo tangu mwisho wa 1816, amemzika mke wake wa kwanza hapo, na alikuwa ametaka shamba mara mbili ya hilo.

Kwa hiyo ukikuta patenti ya kati ya 1800 na 1830, usiichukue tarehe yake kama tarehe ya kuhamia. Nenda kwenye vitabu vya taunishipu ambavyo makarani walijaza siku ya maombi. Picha zake ziko bure kwenye tovuti ya FamilySearch.

Hatua ya 6: Kama ni ardhi ya askari, tafuta watu wawili

Waranti ya askari ilikuwa karatasi ya ahadi: umetumikia jeshi, una haki ya ekari kadhaa. Tangu 1776 serikali iliahidi ekari 100 kwa askari wa kawaida hadi 500 kwa kanali. Askari wa vita vya 1812 dhidi ya Uingereza waliahidiwa ekari 160, na maeneo yao yalitengwa Illinois, Arkansas na Missouri. Baadaye sheria za 1847, 1850, 1852 na 1855 zikapanua zawadi hiyo. Ile ya 1855 ilitoa hadi ekari 160 hata kwa aliyetumikia siku 14 tu.

Sasa fikiria mkongwe wa vita, umri umeenda, yuko Vermont, amepewa haki ya ardhi ya Illinois. Hana nguvu ya kwenda kufyeka pori. Anatokea mlanguzi na fedha mkononi. Ndivyo waranti nyingi zilivyouzwa, na sheria ya 1852 ilipohalalisha wazi uhamisho wake, zikawa bidhaa ya sokoni, zikitangazwa bei magazetini. Ndiyo maana patenti ya aina hii ina majina mawili: askari aliyepewa waranti, na mtu aliyeitumia kuchukua ardhi. Kati yao wanaweza kuwapo wengine watatu au wanne, waliosaini nyuma ya waranti mmoja baada ya mwingine.

Kosa linalorudiwa zaidi katika utafiti wa ukoo liko hapa. Mtu anaona jina la babu yake kama askari kwenye patenti ya Illinois, anaandika kwamba babu alihamia Illinois. Babu hakuwahi kuondoka Vermont.

Abraham Lincoln mwenyewe alipata waranti mbili kwa utumishi wake katika vita vya Black Hawk vya 1832, dhidi ya wenyeji wa asili: moja ya ekari 40 chini ya sheria ya 1850, nyingine ya ekari 120 chini ya sheria ya 1855. Hakuziuza. Alizitumia kuchukua ardhi Iowa, katika kaunti za Tama na Crawford, ambako hakuwahi kuishi. Ekari za Crawford zilibaki kwa familia hata baada ya kuuawa kwake, na ni mwaka 1892 ndipo mwanawe Robert na mkewe walipoziuza. Hapo utaona waranti, patenti, mirathi na mauzo, vyote katika kipande kimoja.

Hatua ya 7: Agiza faili la maombi

Kila patenti ina faili nyuma yake, katika Nyaraka za Taifa mjini Washington. Agiza kwa kutumia fomu namba 84, ukitaja zile namba ulizonakili hatua ya nne. Kuna malipo, basi pima kabla ya kulipa. Faili la ununuzi wa taslimu mara nyingi ni risiti na karatasi chache. Faili la waranti lina waranti yenyewe na sahihi za uhamisho nyuma yake. Faili la makazi la baada ya 1862 ni hazina: ushahidi wa majirani, ukubwa wa nyumba, ekari zilizolimwa, visima, idadi ya watoto, na kwa wahamiaji, karatasi za uraia.

Hatua ya 8: Shuka kwenye vitabu vya kaunti

Serikali ya shirikisho ikishatoa patenti, haijihusishi tena. Kuanzia hapo kila uhamisho umeandikwa kwenye kaunti, katika vitabu vya hati, na kuna faharasa mbili: ya watoaji na ya wapokeaji. Mtoaji ni anayeuza au kugawa, mpokeaji ni anayepata.

Namna ya kufanya ni hii. Chukua jina la mwenye patenti, mtafute kwenye faharasa ya watoaji kuanzia tarehe ya patenti kuja mbele. Faharasa itakupa kitabu na ukurasa. Fungua ukurasa, linganisha maelezo ya kipande na karatasi yako ya hatua ya pili. Yakilingana, mpokeaji wa hati hiyo ndiye mtoaji wako anayefuata. Endelea hivyo. Kama unaanzia leo kurudi nyuma, geuza: mtafute mwenye nyumba wa sasa kwenye faharasa ya wapokeaji.

Thomas Lincoln na mkewe Sarah waliuza zile ekari 80 Februari 1830 kwa Charles Grigsby, kwa dola 125, wakaelekea Illinois. Linganisha na dola 2 kwa ekari za mwaka 1817 uone mwenyewe miaka 13 ya jasho ilimlipa nini.

Kwenye kila hati angalia:

Tarehe mbili. Siku hati iliposainiwa na siku iliposajiliwa si lazima zikaribiane. Watu waliweka hati sandukuni miaka mingi, wakaisajili tu walipotaka kuuza. Pia unaweza kukuta hati ya mauzo ya kabla ya tarehe ya patenti. Si kosa. Mtu aliyelipa akapata cheti cha ofisi ya ardhi aliweza kuuza akisubiri patenti.

Bei. Dola moja pamoja na maneno ya upendo na mapenzi ni zawadi, aghalabu ya mzazi kwa mtoto. Hapo umepata undugu.

Mke. Sheria ilimpa mke fungu katika ardhi ya mumewe iwapo angefiwa, kwa hiyo mnunuzi alitaka na yeye asaini. Karani alimhoji pembeni, mume asiwepo, kuhakikisha hakulazimishwa. Kwa wanawake wengi wa zama hizo, hii ni miongoni mwa mara chache jina lao linaandikwa popote.

Aina ya hati. Hati ya dhamana inamfunga muuzaji kuitetea miliki dhidi ya mdai yeyote. Hati ya kuachia inasema tu: haki yoyote niliyo nayo hapa, kama ipo, nakupa. Ya pili hutumika sana baina ya ndugu wanaomwachia mmoja wao shamba la marehemu. Hili linamhusu hata mnunuzi wa leo. Ndugu yangu, mtu usiyemjua akikuuzia nyumba kwa hati ya kuachia, simama kwanza, tafuta wakili. Na ujue kwamba uchunguzi wa kampuni ya bima ya hati kwa kawaida hurudi miongo kadhaa tu, haufiki kwenye patenti.

Ukifanya kazi kwenye kaunti za Kusini, jiandae. Vitabu hivyohivyo vya hati, kwa mwandiko uleule na faharasa ileile, vimeandikwa pia mauzo ya watu. Jina la mtu, umri wake, bei yake, kati ya shamba na ng'ombe. Ukikutana na majina hayo, yanakili yote hata kama si ya ukoo unaoufuatilia. Kuna mjukuu wao mahali fulani anayeyatafuta, na huenda ukurasa huo ndio pekee unaowataja.

Hatua ya 9: Ziba mapengo

Utafika mahali muuzaji hakuwahi kununua, au mnunuzi hakuwahi kuuza. Jaribu kwa mpangilio huu.

Kwanza mirathi. Ardhi iliyorithiwa bila wosia mara nyingi haina hati ya uhamisho hata moja. Nenda mahakama ya mirathi ya kaunti, tafuta wosia na mgawanyo wa mali. Wauzaji wengi kwa pamoja kwenye hati moja, wenye majina ya ukoo tofauti, ni dalili ya watoto na wakwe.

Pili ndoa. Binti alipata ardhi kwa jina la baba, akaiuza kwa jina la mume.

Tatu mnada. Ardhi iliyouzwa kwa deni imeorodheshwa kwenye faharasa chini ya jina la sherifu au kamishna wa mahakama, si la mwenye ardhi. Tafuta nani alikuwa sherifu miaka hiyo, usome maingizo yote yaliyo chini ya jina lake.

Nne mipaka ya kaunti. Spencer County iliundwa 1818 kutoka Warrick na Perry. Hati za kabla ya hapo ziko kwenye kaunti mama. Kabla ya kwenda popote, angalia kaunti yako ilizaliwa lini na kutoka wapi.

Picha za vitabu vya kaunti nyingi ziko FamilySearch kwa akaunti ya bure, na sasa tovuti hiyo ina utafutaji ambao kompyuta inasoma mwandiko wa mkono. Tafuta kwa jina la mtu pamoja na la mpaka, kama kijito au jirani. Utampata shahidi na jirani, watu ambao faharasa ya zamani haikuwaorodhesha kamwe.

Hatua ya 10: Kama jimbo halina seksheni

Kentucky ilifuata sheria ya Virginia ya 1779, na kila miliki ilipita ngazi nne: waranti, uandikishaji wa eneo unalolitaka, upimaji, kisha hati ya gavana. Hakuna aliyepima nchi kwanza. Kila mtu alipima kipande chake kuanzia kwenye mti au kijito alichokitaka, na madai yakalaliana tabaka juu ya tabaka. Thomas Lincoln alilipia ardhi Kentucky, akajikuta kwenye mvutano wa hati kwa zaidi ya shamba moja. Mwanawe aliandika mwaka 1860 kwamba walihama kwa sehemu kwa ajili ya utumwa, lakini hasa kwa ugumu wa hati za ardhi.

Maelezo ya huko husomeka hivi: kuanzia mwaloni mweupe ukingoni mwa kijito, kaskazini digrii 40 mashariki, poli 120 hadi kwenye jiwe, na kuendelea hadi kurudi kwenye mwaloni. Poli moja ni futi 16.5. Poli nne ni mnyororo mmoja wa mpima, futi 66. Minyororo 80 ni maili, na minyororo 10 ya mraba ni ekari. Chukua karatasi ya miraba, protrakta na rula, uchore mstari kwa mstari. Umbo lisipofunga vizuri, usishangae. Mpima alipita kwenye vichaka akiwa na dira. Kisha chora majirani waliotajwa kwenye mipaka, uwaunganishe kama vipande vya fumbo, hadi upate mto au barabara iliyopo kwenye ramani ya leo.

Hati za kwanza za Kentucky, zikiwemo zile za Virginia za kabla ya kutengana mwaka 1792, zinahifadhiwa na ofisi ya ardhi chini ya Katibu wa Jimbo mjini Frankfort, na picha zake zipo kwenye intaneti. Za Virginia yenyewe ziko kwenye maktaba ya jimbo, Richmond. Agiza ngazi zote nne, usiridhike na hati ya mwisho: waranti inaweza kuwa ya mtu mmoja, upimaji wa mwingine, na hati ya gavana ya mtu wa tatu aliyenunua haki katikati.

Kama jengo la mahakama la kaunti liliungua, na mengi ya Kusini yaliungua wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, soma hati za baada ya moto. Wanasheria wa zamani walipenda kueleza asili ya kipande: ardhi ileile ambayo fulani aliinunua kwa fulani mwaka fulani. Hati moja ya 1870 inaweza kukurudisha mikono mitatu nyuma ya moto. Baada ya hapo nenda kwenye orodha za kodi za kila mwaka, ambazo nakala yake ilipelekwa makao makuu ya jimbo na hivyo ikanusurika. Fuata mwaka kwa mwaka ekari zilezile kwenye kijito kilekile, na mwaka jina linapobadilika, hapo ndipo ardhi ilipohama.